Akiba isiyofunguka: Jinsi ya kuokoa faili zilizofungwa kwenye diski ya nje

WAHENGA walisema akiba haiozi. Kwa mtu aliyehifadhi kumbukumbu zake kwenye diski ya nje, msemo huo waweza kuwa kweli na bado usimsaidie. Akiba yake haikuoza, lakini siku anapoihitaji anakuta imefungwa na ufunguo haujulikani ulipo.

Chukua mfano wa katibu wa chama cha wanawake katika kijiji cha Kambi Muru, Kibra, jijini Nairobi. Kwa miaka minane ameandika kwenye kompyuta yake michango ya wanachama, mikopo na kumbukumbu za mikutano. Kila mwisho wa mwezi huchomeka diski ya nje, akanakili kila kitu na kuifungia kabatini. Kompyuta inapokufa, hana hofu. Ananunua nyingine mjini, anachomeka diski, anaona majina ya makabrasha yake yote. Anabofya la kwanza na kuambiwa hana idhini ya kulifungua. Jina lake ndilo hilo, nywila ndiyo ile ile, diski ni yake, na bado anakatazwa.

Hali hii huwapata wengi, na wengi hukata tamaa au huchukua hatua inayoharibu kabisa kilichokuwa salama. Makala haya yanaeleza chanzo cha kizuizi hicho, namna ya kukitambua na namna ya kukiondoa panapowezekana. Maelezo yanahusu hasa mfumo wa Windows. Kwa kuwa kompyuta nyingi hapa nchini huonyesha maagizo kwa Kiingereza, majina ya vitufe yametajwa kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Kwa nini suala hili ni zito

Kambi Muru ni miongoni mwa vijiji vya Kibra vyenye asili ya Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliohudumu katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Jamii hiyo inaijua vyema thamani ya karatasi. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa asili ya Kinubi, katika kesi iliyohusu usajili wa kuzaliwa na uraia. Mnamo Juni 2017, jamii hiyo ilikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 za ardhi ya Kibra baada ya madai ya miongo mingi. Katika mambo yote mawili, cheti cha babu, picha ya zamani na barua ya ofisi iliyokunjwa sandukuni ni ushahidi.

Karatasi hizo huliwa na moto, mvua na mabomoko. Mnamo Julai 2018, nyumba na shule kadhaa za Kibra zilibomolewa ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Ni busara basi kwa familia, shule na vyama kupiga picha hati zao na kuzihifadhi kwenye diski. Lakini diski isiyofunguka haina tofauti na sanduku lililoungua.

Isitoshe, wakati huu kompyuta nyingi zinabadilishwa. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Kila anayehamia mashine nyingine atachomeka diski yake ya akiba humo, na hapo ndipo atakapojua kama akiba ilikuwa akiba.

Mambo manne ya kuepuka

Kabla ya kutafuta dawa, msomaji ajiepushe na mambo manne.

Kwanza, kompyuta ikiuliza iwapo unataka kufomati diski, jibu hapana. Swali hilo huja mashine inaposhindwa kusoma diski, na kukubali ni kuruhusu orodha ya faili zako ifutwe.

Pili, usiuze, usigawe wala usifute kompyuta ya zamani kabla hujathibitisha kwamba kila faili inafunguka kwenye mpya. Kama itakavyoelezwa, huenda ufunguo wa pekee umo ndani ya mashine hiyo unayotaka kuiondoa.

Tatu, usiandike kitu kipya kwenye diski yenye matatizo. Kazi ya uokoaji ni kunakili kutoka humo kwenda kwingine.

Nne, usibandue kasha la diski ya nje kwa matumaini ya kuunganisha diski iliyo ndani moja kwa moja. Baadhi ya diski, zikiwamo aina kadhaa za My Passport za Western Digital, zina chembe ya kielektroniki kwenye kasha ambayo hugeuza data yote kuwa fumbo. Diski ikitenganishwa na chembe hiyo, kilichomo hakisomeki.

Aidha, mahali ambapo umeme hupotea bila taarifa, kazi hii ifanywe kwa laptopu yenye betri iliyojaa. Kukatika kwa umeme katikati ya kunakili kunaweza kuharibu hata kilichokuwa kizima.

Kutambua aina ya kufuli

Neno "kufungwa" linabeba maana zaidi ya moja. Yapo makufuli yanayofanana na jina la mwenye chumba lililoandikwa mlangoni: msimamizi wa nyumba anaweza kulifuta na kuandika jingine. Yapo mengine ambayo yamegeuza barua zenyewe zilizo chumbani kuwa fumbo, na hata ukivunja mlango hutaweza kuzisoma. La kwanza ni kufuli la umiliki. La pili ni la usimbaji fiche. Kulitambua mapema huokoa muda na fedha.

Ikiwa diski inafunguka, unaona makabrasha, lakini kabrasha moja au zaidi linakataa kwa madai kwamba huna idhini, hilo kwa kawaida ni kufuli la umiliki.

Ikiwa kabrasha linafunguka na majina ya faili yanaonekana, lakini faili zenyewe zinakataa na zina alama ndogo ya kufuli, huo ni usimbaji wa faili mojamoja, unaojulikana kama EFS.

Ikiwa diski nzima ina alama ya kufuli na inadai nywila kabla ya kuonyesha chochote, hiyo ni BitLocker.

Ikiwa faili inafunguka kwa Word, Excel au kisoma PDF kisha inadai nywila, kufuli limewekwa kwenye waraka wenyewe na halihusiani na kubadilisha kompyuta.

Na ikiwa majina ya faili yameongezewa viambishi vya ajabu, na pana ujumbe unaodai fedha, hilo ni shambulio la kirusi. Mashine iliyoambukizwa isiunganishwe na diski nyingine yoyote. Mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka wa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, hutoa bure programu za kufungulia baadhi ya mafumbo hayo.

Kufuli la umiliki

Hili ndilo lililompata katibu wetu, na ndilo jepesi kuliko yote. Windows haimtambui mtu kwa jina lake. Kila akaunti inapofunguliwa hupewa namba ndefu, inayoanza kwa S-1-5-21, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kila kabrasha kama mmiliki. Akaunti mpya kwenye kompyuta mpya hupewa namba nyingine hata kama jina na nywila ni vile vile. Kwa macho ya mashine, katibu ni mgeni anayejaribu kuingia kwa watu.

Huthibitishwa hivi: bofya kabrasha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties", kisha "Security". Ukiona akaunti isiyojulikana yenye namba ndefu badala ya jina, umepata jibu.

Njia ya kwanza ni rahisi kiasi cha kushangaza. Ingia kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, bofya kabrasha mara mbili, na ujumbe ukitokea bonyeza "Continue". Mara nyingi Windows hukuandikia idhini yenyewe. Kabrasha likiwa na maelfu ya faili, kazi yaweza kuchukua dakika nyingi. Usichomoe kebo.

Njia hiyo ikikwama, rudi kwenye "Properties", kisha "Security", kisha "Advanced". Juu utaona jina la mmiliki, na kando yake neno "Change". Libofye, andika jina la akaunti yako, bonyeza "Check Names" kisha "OK". Weka alama ya vema kwenye kisanduku cha "Replace owner on subcontainers and objects" ili umiliki ushuke hadi makabrasha ya ndani. Funga, kisha fungua upya "Security", bonyeza "Edit", ongeza akaunti yako na uipe "Full control". Wengi husahau hatua hii ya mwisho, wakadhani njia imeshindwa. Kumiliki mlango hakutoshi. Sharti pia ujiandikie ruhusa ya kuingia.

Wanaozoea kuandika maagizo wanaweza kufungua dirisha la Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika mistari miwili hii, wakibadilisha herufi ya diski na jina la kabrasha:

takeown /F "E:\Nyaraka" /R /D Y
icacls "E:\Nyaraka" /grant "%USERNAME%":F /T /C

Agizo la kwanza hutwaa umiliki, la pili hutoa idhini. Yaelekezwe kwenye kabrasha lenye nyaraka zako pekee. Kuyaelekeza kwenye kabrasha la Windows la kompyuta inayofanya kazi kunaweza kuuvuruga mfumo mzima.

Ipo njia ya tatu, ambayo ni salama zaidi, kwa kuwa haibadilishi chochote kwenye diski ya akiba:

robocopy "E:\Users\Katibu" "C:\Okoa" /E /B /XJ /R:1 /W:1

Ikiendeshwa na msimamizi, herufi B huiambia mashine inakili kwa haki ya uhifadhi, bila kuuliza nani mwenye faili. Nakala zitakazotua kwenye kabrasha la Okoa zitafuata idhini za kompyuta mpya.

Usishtuke iwapo makabrasha kama "Documents and Settings" au "Application Data" yatazidi kukataa. Hayo si makabrasha halisi, ni vibao vya kuelekeza programu za zamani mahali pengine, na hakuna cha kuokoa ndani yake. Alama ya XJ kwenye agizo hilo huiambia mashine ivipite.

Anayeweza kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mathalani Ubuntu, ana njia ya nne. Kwa kawaida Linux huisoma diski ya Windows bila kujali orodha ya idhini, hivyo faili hunakiliwa moja kwa moja. Ukweli huu unafundisha jambo: kufuli la umiliki haliwazuii wezi. Aliyedhani siri zake zimelindwa kwa sababu kabrasha "linakataa" amejidanganya.

Faili zilizogeuzwa fumbo

Kufuli la EFS ni habari nyingine. Hapa faili imegeuzwa fumbo kwa kutumia cheti kilichohifadhiwa ndani ya akaunti ya kompyuta ya zamani. Kutwaa umiliki hakusaidii, wala robocopy, wala Linux. Kuhakikisha, tazama "Properties" ya faili, bonyeza "Advanced", na uangalie kama kisanduku cha "Encrypt contents to secure data" kina alama ya vema.

Dawa imo kwenye mashine ya zamani. Ikiwa ingali inawaka, ingia kwa akaunti yako ya awali, chomeka diski, na uondoe alama hiyo ya vema kwenye makabrasha husika. Au fungua programu ya certmgr.msc, tafuta cheti chako chini ya "Personal", ukitoe pamoja na ufunguo wake wa siri kwenye faili yenye kiambishi .pfx, kisha ukiingize kwenye kompyuta mpya. Faili zitafunguka kana kwamba hazikuwahi kufungwa.

Ikiwa mashine ya zamani imekufa lakini diski yake ya ndani ni nzima, usiitupe. Fundi mwenye ujuzi anaweza kukitoa cheti humo iwapo unaikumbuka nywila ya akaunti ya wakati huo. Na hapa pana mtego: nywila ikibadilishwa kwa nguvu na msimamizi, badala ya kubadilishwa na mwenyewe anayeijua ya zamani, ufunguo wa EFS wa akaunti hiyo hauwezi kutumika tena. Wengi wamezipoteza faili zao siku waliyomwomba fundi "awaondolee nywila waliyosahau".

Diski nzima ikifungwa

BitLocker hufunga diski yote. Ukiikumbuka nywila, iandike na kazi imekwisha, kwani hata toleo la Home la Windows, lisiloweza kuifunga diski ya nje kwa njia hiyo, laweza kuifungua. Ukiwa umeisahau, utahitaji ufunguo wa uokoaji wenye tarakimu 48, zilizopangwa katika mafungu manane ya tarakimu sita.

Ufunguo huo hutolewa siku diski inapofungwa, na mwenyewe huulizwa auhifadhi wapi. Kwa hiyo utafute kwa mpangilio. Angalia kwanza akaunti yako ya Microsoft kwenye mtandao, sehemu ya funguo za uokoaji. Pekua karatasi ulizochapisha siku hiyo. Tafuta kwenye flashi na barua pepe zako faili ya maandishi yenye jina linaloanza kwa "BitLocker Recovery Key". Ikiwa diski ilifungwa kwa kompyuta ya shule au shirika, waulize wasimamizi wa kompyuta wa hapo. Ukipata funguo kadhaa, linganisha herufi za kitambulisho zinazoonyeshwa na diski na zile za kila ufunguo.

Kompyuta ya zamani ingali inaifungua diski yenyewe bila kuuliza? Basi una bahati. Ifungue hapo, kisha kama msimamizi andika agizo hili, na ufunguo utaonyeshwa:

manage-bde -protectors -get E:

Uandike kwenye karatasi. Pasipo nywila wala ufunguo, hakuna programu, fundi wala ofisi ya kampuni itakayoifungua diski hiyo. Anayeahidi kuivunja kwa malipo ya mapema anakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Diski isiyosomeka na vifurushi vya akiba

Si kila kizuizi ni kufuli. Diski iliyotumika kwenye kompyuta ya Apple huwa na mpangilio ambao Windows haiujui, na mashine itadai ifomatiwe. Ipeleke kwenye kompyuta ya aina hiyo hiyo, nakili, na usifomati.

Vivyo hivyo, programu ya akiba iliyokuja na Windows 7 hupanga faili katika vifurushi vingi vya zip ndani ya kabrasha lenye jina la kompyuta ya zamani. Usivifungue kimojakimoja. Tafuta "Backup and Restore (Windows 7)" kwenye "Control Panel" na uagize irejeshe faili kutoka diski hiyo.

Unapomhitaji fundi

Ukilazimika kwenda kwa fundi au kwenye saiba, kumbuka kwamba unampa mtu mwingine vitambulisho, picha na hesabu za watu. Kaa naye kazi inapofanyika, omba akuonyeshe nakala zilipowekwa, na uhakikishe zimefutwa kwenye mashine yake kabla ya kuondoka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Katibu wa chama anayesambaza orodha ya wanachama kiholela naye hayuko nje ya sheria hiyo.

Vilevile, mbinu zilizoelezwa hapa ni za mali yako. Kuingia kwenye data ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Akiba ya kesho

Mengi ya matatizo haya huzuilika mapema. Faili zisizo za siri zinaweza kuwekwa kwenye diski iliyofomatiwa kwa mpangilio wa exFAT, ambao haubebi orodha ya umiliki na husomeka kwa Windows na kwa Apple. Za siri zifungwe kwa BitLocker, na ufunguo uandikwe kwenye karatasi mbili: moja nyumbani, nyingine kwa mtu unayemwamini anayeishi kwingine. Katika chama, ufunguo usiwe wa katibu peke yake. Mweka hazina na mwenyekiti nao wawe na nakala, kama vile sanduku la fedha la chama lilivyokuwa na funguo tatu mikononi mwa watu watatu.

La mwisho ni jaribio lisilogharimu kitu. Chukua diski yako ya akiba leo, ichomeke kwenye kompyuta ya jirani au jamaa ambayo haijawahi kuiona, na ujaribu kufungua faili tatu: ya zamani zaidi, mpya zaidi, na ile ambayo ukiikosa utalia. Zikifunguka, una akiba. Zikikataa, heri umejua leo, kompyuta ya zamani ingali mezani na inawaka.